Mgongo wa Kennedy

Mwanafunzi wa kwetu akifika Boston, jina la Kennedy analikuta kila mahali. Kuna kituo cha treni, kuna barabara, na pale Columbia Point, jirani na chuo cha UMass, kuna maktaba yake nyeupe inayotazama bahari. Sisi watu wa Afrika Mashariki jina hilo tulikuwa nalo tangu nyumbani, kwa sababu ya zile ndege za wanafunzi za mwaka 1960, ambazo nitazifikia. Lakini leo sitaki kuandika habari za siasa zake wala za wanawake, maana hizo zimeshaandikwa mpaka zimechosha. Nataka kuandika habari za mgongo wake.

Kwa nini mgongo? Kwa sababu kwenye vikao vya chama chetu, baada ya salamu na habari za nyumbani, neno linalofuata ni mgongo. Wengi wetu tunabeba maboksi usiku na kukaa maktaba mchana, na wengine wanainua wazee kwenye nyumba za kulelea wazee. Simu ikitoka nyumbani mama anasema magoti, baba anasema kiuno, halafu unaombwa utume mkanda wa mgongo na vidonge vikali, kwa kuwa huko Marekani ndiko kwenye madaktari wa kweli. Basi mimi nawaletea mtu aliyekuwa na madaktari wa kweli kuliko wote, na mkanda, na vidonge, na hela za baba zisizokwisha. Tuone vilimfikisha wapi.

John Fitzgerald Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 katika mji wa Brookline, ambao kutoka katikati ya Boston ni mwendo mfupi tu wa treni. Alikuwa wa pili kati ya watoto tisa. Baba yake, Joseph, alikuwa tajiri wa kutupwa, mwenye nia ya kuona mmoja wa wanawe anaingia Ikulu. Mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa. Kabla hajatimiza miaka mitatu alipata homa ya vipele vyekundu, akalazwa kwa wiki nyingi. Alipokuwa shule ya bweni ya Choate, kule Connecticut, tumbo lilimsumbua, akakonda, na mwaka 1934 akapelekwa Mayo Clinic kupimwa kila mahali panapopimika. Kwao kulalamika hakukuwa desturi. Watoto walilelewa kushindana na kushinda, na aliyeumwa aliumwa kimya. Tabia hiyo alikwenda nayo mpaka mwisho wa maisha yake, na mimi naona ilimletea taabu kuliko hata mgongo wenyewe.

Mgongo ulianza kumsumbua akiwa mwanafunzi wa Harvard, umri wetu huu huu. Alipomaliza chuo mwaka 1940 vita vilikuwa vimeshapamba moto Ulaya. Mwaka 1941 alijaribu kuingia jeshini akakataliwa na jeshi la nchi kavu, akakataliwa na la majini pia, kisa mgongo. Mzee Joseph, aliyewahi kuwa balozi London, alikuwa anamfahamu mkubwa mmoja wa jeshi la majini tangu ubalozini. Maneno yakapita, na Oktoba 1941 kijana akaingia. Kumbe kazi za kujuana hazikuanzia kwetu.

Akapelekwa kwenye boti za torpido, yaani boti ndogo za mbao ziendazo kasi, ambazo kila wimbi linamgonga mpandaji kiunoni kama rungu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, katika visiwa vya Solomon, meli ya kivita ya Japani iitwayo Amagiri iliikata boti yake, PT-109, vipande viwili. Kati ya watu 13 wawili walikufa. Waliobaki walishikilia mabaki ya boti mpaka mchana, kisha wakaanza kuogelea kwenda kisiwa kidogo kilicho umbali wa kama maili 3 na nusu. Fundi mmoja, Patrick McMahon, alikuwa ameungua vibaya, hawezi kitu. Kennedy aliuma kwa meno ukanda wa jaketi lake la kuelea akamvuta hivyo kwa saa kadhaa mpaka ufukweni. Walioonana nao kule visiwani na kupeleka habari zao walikuwa wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana. Barua yenyewe Kennedy aliichonga kwenye ganda la nazi. Tarehe 8 Agosti wakaokolewa.

Tangu hapo ikasemwa kwamba mgongo wake uliharibiwa na vita. Ukweli ni kwamba ulikuwa mbovu kabla, ila hadithi ya vitani ilipendeza zaidi kwenye kampeni. Bila shaka kipigo kile kiliuzidisha.

Sasa tuje kwenye visu. Juni 1944 alipasuliwa kwa mara ya kwanza, hapa hapa Boston, katika hospitali ya New England Baptist. Madaktari walidhani diski moja ya chini kiunoni imetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu. Diski ni kile kinyama kigumu kama mpira kinachokaa kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo. Walipofungua hawakukuta walichotegemea kukuta. Baada ya upasuaji misuli ya mgongo ikawa inakaza na kumuuma vibaya zaidi.

Hapo nataka tusimame kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapokwama hata leo. Mtu anaumwa kiuno, anakwenda kupigwa picha, anaambiwa diski imechakaa au imetokeza, anarudi nyumbani ameshika bahasha kama hati ya kifo. Leo inajulikana vizuri kwamba ukiwapiga picha watu wazima ambao hawaumwi popote, wengi wao utawakuta na diski zilizochakaa au kutokeza. Mgongo unazeeka kama uso unavyopata makunyanzi. Picha peke yake haisemi maumivu yanatoka wapi, na kwa watu wengi wenye maumivu ya kiuno hakuna kitu kimoja ambacho daktari anaweza kukinyooshea kidole. Kennedy alipasuliwa kwa kutafuta kitu cha kunyooshewa kidole.

Aliondoka jeshini mwaka 1945, akachaguliwa kuingia bunge mwaka 1946. Mwaka 1947, akiwa safarini London, alianguka mgonjwa na ndipo ulipogunduliwa ugonjwa wa Addison. Huu ni ugonjwa wa zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Zikishindwa kazi, mwili unakosa homoni za kupambana na mshtuko wowote, hata mafua yanaweza kuua. Dawa yake ilikuwa ni homoni zenyewe, vidonge vya kufukiwa chini ya ngozi na baadaye kotisoni ya kumeza. Kotisoni ilimwokoa maisha, lakini ikitumika miaka mingi inalainisha mifupa, na wapo madaktari wanaodhani ilichangia kuharibu pingili zake. Wengine wanabisha.

Mwaka 1952 akawa seneta. Mwaka 1953 akamuoa Jacqueline Bouvier. Mwaka 1954 alikuwa akitembea kwa magongo ndani ya Seneti. Hospitali moja ya Boston ilimkatalia upasuaji, kwa sababu mtu mwenye Addison akipasuliwa anaweza asiamke. Yeye akaenda New York, kwenye Hospital for Special Surgery, wakakubali. Tarehe 21 Oktoba 1954 walimfungua, wakaunganisha pingili na kumtia bamba la chuma. Maambukizi yakaingia, akapoteza fahamu, padri akaitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Alipona kwa shida. Februari 1955 wakamfungua tena kuondoa bamba, kwa kuwa kidonda kilikuwa kinaoza. Mwaka 1957 ikabidi kutoa usaha uliojificha kwenye kovu. Jumla mara nne ndani ya miaka 13, na mwisho wake mgongo ulikuwa unauma kuliko alipoanza.

Kuna jambo la ajabu hapo. Mwaka 1955 madaktari wake waliandika makala katika jarida la upasuaji kueleza jinsi walivyompasua mwanamume mmoja wa miaka 37 mwenye ugonjwa wa Addison. Jina hawakutaja. Miaka ikapita mpaka daktari mmoja wa Kansas akalinganisha tarehe za makala na zile za magazeti, akaona ni yule yule. Siri kubwa ya mwanasiasa ilikuwa imekaa wazi kwenye rafu za maktaba za vyuo vya udaktari, na kwa muda mrefu hakuna aliyeigusa.

Wakati anauguza kidonda Palm Beach, Florida, akiwa amelala, kilitungwa kile kitabu chake kuhusu maseneta wenye ujasiri, ambacho mwaka 1957 kilipata tuzo ya Pulitzer. Msaidizi wake Ted Sorensen alifanya sehemu kubwa ya uandishi, hilo siku hizi halibishaniwi sana. Niliyaweka haya ili mjue kwamba miezi yote ile hakukaa bure. Ila kulala kitandani, ambako wakati ule ndiko kulikoonekana dawa ya mgongo, leo madaktari hawakutaki kabisa. Ukilala sana misuli inakwisha, na misuli ndiyo inayoushika mgongo.

Mei 1955 akapelekwa kwa Dk. Janet Travell wa New York. Huyu mama nampenda, ingawa baadaye mambo hayakumwendea vizuri. Wenzake wote walikuwa wanaangalia mifupa, yeye akaangalia misuli. Alitafuta vifundo, yaani yale mahali ambapo msuli umekaza na ukibonyeza mtu anaruka, akavichoma sindano ya prokaini, dawa ya ganzi. Aligundua pia kwamba mguu wa kushoto wa Kennedy ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, jambo ambalo wapasuaji wote walikuwa wamelipita. Akamwekea kisigino cha ziada ndani ya kiatu. Halafu akamshauri akalie kiti cha kubembea, kile ambacho mtu akikikalia hawezi kutulia moja kwa moja, misuli yake inakuwa inajongea kidogo kidogo. Kiti hicho kikawa maarufu kuliko mawaziri. Picha nyingi za Ikulu mtakazoona, mgeni amekaa kwenye kochi na Kennedy yupo kwenye kiti cha kubembea. Watu walidhani ni mapozi.

Sindano za Travell zilimpa nafuu ya kweli, na bila yeye sidhani kama angeweza kampeni ya 1960. Shida ya nafuu ya sindano ni kwamba inaisha, unarudi kuomba nyingine.

Sasa ile 1960. Tarehe 4 Julai watu wa Lyndon Johnson, mpinzani wake ndani ya chama, walitangaza kwamba Kennedy ana ugonjwa wa Addison. Upande wa Kennedy ukakanusha kwa maneno ya kuzungusha. Tarehe 26 Julai, akiwa ameshapitishwa kugombea, alimpokea mgeni nyumbani kwao Hyannis Port: Tom Mboya, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30. Mwaka uliotangulia, 1959, Mboya na marafiki zake wa Marekani walikuwa wamefanikiwa kuleta wanafunzi 81 kwa ndege moja. Safari hii vyuo vilikuwa vimetoa nafasi kwa mamia, nauli hakuna, na serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kutoa. Mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Katika kundi lile la 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri aliyeitwa Wangari, ambaye alikwenda kusoma Atchison, Kansas, na mwaka 2004 akapewa Nobeli ya Amani. Baba yake Obama, ambaye watu hupenda kumchomeka humo, alikuwa ameshafika Hawaii tangu 1959, hakuja kwa hela ya Kennedy. Mkibishana tena kwenye chai ya chama, limalizeni hivyo.

Kwa hiyo mtu aliyewalipia nauli wale waliotutangulia alikuwa anavaa mkanda wa mgongo chini ya shati, anachomwa sindano za ganzi, na anauambia ulimwengu kwamba yu mzima kama ng'ombe.

Aliapishwa tarehe 20 Januari 1961, akiwa na miaka 43. Travell akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa rais wa Marekani. Tarehe 16 Mei mwaka huo, mjini Ottawa, Kanada, Kennedy alipewa sepetu apande mti wa sherehe. Kitu chenyewe kilikuwa cha kupiga picha tu. Aliinama, akachota udongo mara kadhaa, mgongo ukakatika. Mtu aliyemvuta McMahon baharini kwa meno ameshindwa na sepetu! Lakini waulizeni wanaobeba maboksi: mara nyingi hauumii kwenye boksi kubwa ulilojiandaa nalo, unaumia ukiokota kalamu.

Wiki mbili na nusu baadaye alikuwa Vienna, uso kwa uso na Khrushchev, tarehe 3 na 4 Juni. Magongo yalifichwa. Madaktari walikuwa wengi, kila mmoja na sindano yake, na mmoja wao hakujulikana hata na wenzake: Max Jacobson wa New York, ambaye mchanganyiko wake ulikuwa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha ambayo leo ungefungwa ukikutwa nayo bila cheti. Kama amfetamini ile ilichangia mazungumzo yale kumwendea vibaya, wanahistoria wanabishana. Mimi nashangaa zaidi kwamba mkuu wa taifa mwenye mabomu ya nyuklia alikuwa anachomwa vitu ambavyo daktari wake rasmi havijui. Hivyo ndivyo siri inavyofanya. Ukificha ugonjwa kwa wote, unaishia kuwaficha hata wanaokutibu. Mwezi huo huo wa Juni, huko Palm Beach, alipandishwa kwenye ndege kwa winchi, kwa kuwa ngazi zilimshinda.

Ndipo madaktari wawili, George Burkley wa jeshi la majini na Eugene Cohen, mtaalamu wa homoni, waliposema yatosha. Waliona sindano za Travell zimezidi, nyakati nyingine mara kadhaa kwa siku, na wakaogopa kwamba rais ataishia kwenye kiti cha magurudumu. Oktoba 1961 wakamleta Hans Kraus.

Kraus alizaliwa Trieste mwaka 1905, akasomea udaktari Vienna, na mapenzi yake yalikuwa kupanda milima ya majabali. Katika miaka ya 1950 yeye na mwenzake walikuwa wamewapima watoto wa Marekani kwa vipimo sita vyepesi vya nguvu na ulaini wa mwili, kama kulala chali na kuinuka, au kuinama kugusa sakafu. Zaidi ya nusu walishindwa angalau kimoja. Watoto wa Austria, Italia na Uswisi walioshindwa hawakufika 1 kati ya 10. Habari hizo zilimshtua Rais Eisenhower, akaunda baraza la mazoezi ya vijana. Kraus alikuwa anaamini kwamba migongo mingi inauma kwa sababu ya kukaa sana na kukaza misuli kwa wasiwasi, na mwaka 1961 alitoa kitabu na mwenzake mwingine kuhusu magonjwa ya kutojongea. Mwanafunzi wa wiki ya mitihani hapo anajiona kama kwenye kioo.

Alipompima Kennedy alikuta misuli ya tumbo dhaifu na ya mgongo iliyokaza kama kamba za jahazi. Akatoa masharti. Sindano zikome, na yeye ndiye awe na kauli ya mwisho kuhusu mgongo, vinginevyo anaondoka. Kisha akaanza kazi, mara tatu kwa wiki, katika chumba kidogo cha mazoezi jirani na bwawa la kuogelea la Ikulu. Msije mkadhani ni mazoezi ya kunyanyua vyuma. Ni kulala chini, kupumua na kulegeza mwili kwanza. Kukunja goti moja na kulivuta kifuani. Kunyoosha misuli ya nyuma ya paja taratibu. Kuimarisha tumbo kidogo, kisha kidogo zaidi wiki inayofuata, halafu kumaliza tena kwa kulegeza. Ukimwangalia mtu anafanya hivyo unaweza kusinzia. Pamoja na hayo Kennedy aliogelea katika maji ya uvuguvugu karibu kila siku.

Na ikafanya kazi. Haikuwa wiki moja, ilikuwa miezi. Katika mwaka wa 1962 alikuwa na nafuu ambayo hakuwa ameipata kwa visu vinne, na kiangazi cha 1963 aliweza hata kurudi kwenye gofu. Alipompokea Mwalimu Nyerere Washington, Julai 1963, mgongo wake ulikuwa katika hali nzuri kuliko miaka mingi iliyopita. Nafuu hiyo haikuwa kupona. Maumivu ya muda mrefu mara nyingi hayaondoki yote, yanapunguzwa mpaka mtu anarudi kwenye shughuli zake. Hilo nalo madaktari wa kisasa wanalisema waziwazi, ingawa wagonjwa hatupendi kulisikia.

Kitu kimoja Kraus hakukipenda ni ule mkanda. Kennedy alikuwa anavaa korseti ya kitambaa yenye vyuma, imekazwa kwa kamba. Kraus aliona inafanya kazi ya misuli, na misuli isiyo na kazi inalala. Alitaka kumwachisha pole pole. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa watu wazima, na maumivu ya kiuno kwa jumla mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani. Mwongozo unataka elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Unashauri watu wasitumie mikanda ya mgongo kama tiba ya kawaida, wala vidonge vya jamii ya afyuni, ambavyo Marekani imeshazika watu wengi kwa ajili yake. Kwa hiyo mzee akiomba mkanda, mimi naona nauli ya kifurushi afadhali impeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa.

Magoti ya wazazi, yale ambayo kwetu yote huitwa baridi yabisi, mara nyingi ni kuchakaa kwa maungio, na habari yake haiko mbali na hii. Kumwambia mama asitembee kwa kuwa goti linauma ni kumwongezea ugonjwa. Kutembea kadiri awezavyo, kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kama umezidi, ndiyo yanayosaidia, pamoja na dawa ya kupaka. Diklofenaki ya kumeza, inayonunuliwa dukani kama pipi, ikimezwa kila siku inaweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na wazee wetu wengi presha wanayo tayari.

Niseme na upande wa pili, mtu asije akafa na mazoezi. Ukipata ganzi kati ya mapaja, miguu ikalegea, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, nenda hospitali usiku huo huo, hapo kisu kina kazi yake. Na maumivu ya mgongo yenye homa, kukonda na jasho la usiku yasichukuliwe kama ya kubeba maboksi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na daktari wa huku anaweza asikifikirie mpaka umwambie umetoka wapi.

Nirudi kwa Kennedy. Mwaka 1963, baada ya kujiumiza tena kidogo, alikuwa bado hajauacha mkanda. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 22 Novemba, Texas, aliuvaa na kuukaza, kisha akajizungushia bendeji pana ya mpira kiunoni na mapajani kwa umbo la nane, maana siku ilikuwa ndefu ya kupanda na kushuka garini. Saa sita na nusu mchana, katika mji wa Dallas, risasi ya kwanza iliyompata iliingia nyuma karibu na shingo ikatokea kooni. Sekunde chache baadaye ikaja iliyompiga kichwani. Wapo madaktari walioandika kwamba mtu aliyepigwa ile ya kwanza angeinama au kuanguka kwenye kiti, na kwamba korseti pamoja na bendeji vilimshika wima. Haiwezi kuthibitishwa, na mimi lawama zangu nazibakiza kwa mwenye bunduki.

Faili zake za matibabu za miaka ya 1955 hadi 1963 zilikaa zimefungwa ndani ya ile maktaba ya Columbia Point. Mwaka 2002 mwanahistoria Robert Dallek aliruhusiwa kuzisoma, akaingia na daktari wa kumsaidia kuelewa picha za eksirei na orodha za dawa. Travell alikuwa amefariki mwaka 1997, na Kraus mwaka 1996, akiwa na miaka 90.